Wenye Kuta za Turubai

Chake Chake, Pemba
12 Septemba 2024

Mdogo wangu Mardhiya,

Assalamu alaykum. Nyumba nzima inakusalimu, na Nusra mke wangu amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha sikumsahau. Mama mzima. Macho yake yamezidi ukungu, lakini ule msahafu wa maandishi makubwa uliomletea bado anausoma kila alfajiri. Karafuu zetu zimebeba mwaka huu. Majamvi yametandazwa ua mzima, hata kwenda jikoni tunapita kwa ncha za vidole.

Nakuandikia kwa mkono kama tulivyozoea. Simu yangu unaijua: nikiipokea, baraza zima linasikia isipokuwa mimi mwenye sikio bovu. Barua hii utaletewa na mgeni anayekuja kwenye harusi huko kwenu.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la furaha. Mama anakuja London baada ya Idi, inshallah. Hajamtia Hafidh machoni tangu alipooa, na hapiti siku bila kumtaja kitinda mimba wake. Atafikia kwa Hafidh, Stanmore. Nyumba ile ina vyumba vinne na bustani, na Leena mkewe ni mtu wa watu. Mama atakaa kwa raha. Mtaani wote wanajua, wameshaanza kumpa salamu za kupeleka.

La pili si la furaha. Nasikia wewe na Hafidh hamsemezani. Nimemuuliza yeye, kaniambia nikuulize wewe. Nimesikia pia kuwa wewe na mumeo Muhiddin mmenunua hema la kukokota nyuma ya gari, na kwamba mwezi wa nane mlikwenda nalo kambi moja na Hafidh, yeye akiwa na lile gari lake kubwa lenye jiko na choo ndani. Mlikwenda ndugu, mkarudi hivi. Kama ni kijicho, Mardhiya, niambie. Itakuwa si mara ya kwanza duniani.

Nijibu kwa ukweli.

Kaka yako,
Ameir


Wembley, London
6 Oktoba 2024

Kaka Ameir,

Shikamoo. Barua yako niliipata natoka kazini, nikaisoma nimesimama kwenye ngazi kwa sababu sikuweza kungoja kufika juu. Mbusu mama mkono kwa niaba yangu, na umwambie Nusra kanga zake zinakuja na mtu wa kwanza atakayesafiri. Sisi wazima. Mwanangu Sundus ameingia darasa la tano. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila kitu, na ananijibu kwa Kiingereza. Wazee ninaowatunza kazini wameanza mafua, kwa hiyo zamu ni ndefu. Muhiddin aliteguka mkono kidogo, umefungwa plasta, lakini kazi yake pale depo ya mabasi ni ya mezani, haimsumbui.

Hayo ya kijicho yamenichekesha, ingawa sikucheka. Ngoja nikueleze tulichonunua, maana naona umeelezwa vibaya. Kinaitwa kampa ya kukunja. Ukikiona barabarani ni sanduku bapa lenye magurudumu, na gari yetu ndogo inalikokota bila taabu. Ukifika kambini unazungusha mkono wa chuma, paa linapanda, vitanda vinatoka huku na huku kama droo za kabati, na kuta ni turubai. Nyumba nzima inafungwa kwa zipu.

Tuko wengi wa namna hii, na si kweli kwamba sote tumeshindwa kununua gari-nyumba. Wengine wanaweza na hawataki. Mwenye turubai anapenda kuisikia mvua. Anamsikia jirani akikohoa pia, na jirani anamsikia yeye akigombana na mumewe, kwa hiyo kila mtu anajifunza kusema taratibu. Paa likigoma, mtu usiyemjua anatoka kwake anashika upande wa pili kabla hamjaulizana majina. Ikinyesha wakati wa kufunga, unarudi London na turubai bichi na lazima ulifungue tena likauke, ama sivyo linaota ukungu. Mimi nimelianika kwenye maegesho chini ya ghorofa yetu, na jirani yetu Kavita akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimefukuzwa nyumbani.

Wenye karavani za kuta ngumu na wenye magari-nyumba hawana shida hizo. Wanafika, wanavuta breki, wanafunga mlango, wanawasha televisheni. Wanakupungia mkono nyuma ya kioo. Si watu wabaya. Ila unaweza kukaa wiki nzima ubavuni mwao usijue kama wanacheka au wanalia.

Kuhusu Hafidh, hapana jambo. Kila mtu ana shughuli zake na mji ni mkubwa.

Naomba kitu kimoja tu. Mama akija, afikie kwangu.

Mdogo wako,
Mardhiya


Chake Chake
2 Novemba 2024

Mardhiya,

Tunamshukuru Mungu, tuko salama. Vuli imetukuta karafuu za mwisho bado nje, tukazianua mbio mbio, Nusra akateleza lakini hakuumia. Mama anakohoa usiku. Pole kwa Muhiddin.

Umeniandikia ukurasa mzima wa turubai na mstari mmoja wa ndugu yako. Nilikuwa karani wa mahakama mpaka nikastaafu. Mtu anayeeleza sana asichoulizwa, mara nyingi ana kingine anachokikwepa.

Unataka mama afikie kwako. Ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, na magoti yale unayajua. Halafu niseme nini? Kwamba mwanawe ana nyumba ya vyumba vinne na yeye amebanwa kwenye chumba cha mjukuu? Hafidh ameniambia upepo uliangusha kampa yenu na tangu siku ile hupokei simu zake. Mtu hamkasirikii ndugu yake kwa sababu ya upepo.

Nakuuliza kama kaka, na kama niliyesimama mahali pa baba. Kulitokea nini?

Ameir


Wembley
24 Novemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Mpe mama tangawizi na asali, na usimwache alale karibu na dirisha. Hapa baridi imeshaingia, Sundus alikuwa na homa, sasa amepona na amerudi skuli.

Nilikusudia kunyamaza. Lakini umemtaja baba, basi nitakueleza.

Ilikuwa Jumatatu ile ya mapumziko mwisho wa Agosti. Kambi ni ya shambani, pwani ya kusini, mwendo wa saa mbili kutoka London. Hafidh alikuja peke yake. Alisema Leena amebaki kumwangalia baba yake mgonjwa. Akaegesha ubavuni mwetu, mapazia yote yamefungwa. Alikula nasi mezani kwetu, nje, akamtania Sundus kama kawaida yake. Kwake hakutukaribisha hata kwa maji ya kunywa. Nililiona hilo nikalipuuza.

Baada ya adhuhuri upepo ulikuja kutoka baharini kwa mpigo mmoja. Chuma kinachoshikilia paa kikachomoka. Sundus alikuwa amelala kitandani anasoma. Muhiddin akaliwahi paa kwa mkono lisimwangukie mtoto, na mkono ukavunjika mahali pawili. Nilikuandikia kuwa aliteguka. Hakuteguka. Nikamvuta Sundus kutoka chini ya turubai, analia, mvua inatupiga, na mahali pa karibu pa kukimbilia palikuwa mlango wa ndugu yangu.

Nikagonga kwa ngumi. Nikasema, "Hafidh, fungua, Muhiddin ameumia." Nikasema tena. Nikaona pazia limesogea, kaka. Niliona vidole vyake, na pete ya baba kwenye kidole. Pazia likarudi. Mlango haukufunguliwa.

Waliotoka ni wenye turubai, na wao turubai zao zilikuwa zinapeperuka vile vile. Wanaume wanne walikaa juu ya paa letu lisiende. Mwanamke Mkenya anaitwa Priscilla, nesi wa huko Lewisham, alimchukua Sundus akamvisha sweta la mwanawe, akamfunga Muhiddin mkono kwa leso yake mwenyewe, akatupeleka hospitali kwa gari lake. Sikuwa namjua. Alikuwa jirani wa safu ya pili.

Tuliporudi jioni Hafidh alikuwa amesimama nje. Akasema alikuwa amelala. Sijamjibu mpaka leo.

Sasa umejua. Mama asisomewe barua hii.

Mardhiya


Chake Chake
15 Desemba 2024

Mardhiya,

Barua yako nimeichoma jikoni ili mama asiione. Kikohozi chake kimepungua.

Nimemuuliza Hafidh. Anasema alilala na vidude vya muziki masikioni, na pazia ulilisogeza upepo. Nimeamua kumwamini. Nisipomwamini itabidi niamini jambo ambalo sina pa kuliweka.

Nenda Stanmore. Kaa naye chini, yaishe kabla mama hajapanda ndege. Na umuulize lile ambalo mimi nashindwa kumtoa kinywani: mama atalala chumba gani? Kila nikifika hapo, ananiambia mtandao mbaya.

Ameir


Wembley
5 Januari 2025

Kaka Ameir,

Shikamoo. Sisi wazima. Muhiddin ametolewa plasta.

Nimekwenda Stanmore kama ulivyoagiza. Hafidh sikumkuta.

Nakuomba tena mama afikie kwangu. Ngazi tutampandisha kwa mapumziko, Muhiddin ataweka kiti kila ghorofa. Usiniulize zaidi kwa sasa.

Mardhiya


Chake Chake
26 Januari 2025

Mardhiya,

Salamu kutoka kwa wote. Tiketi imeshakatwa. Mama anafika Jumanne, tarehe nane Aprili, asubuhi. Ameanza kufunga mizigo tangu juzi, na kila siku anaifungua kuongeza kitu. Amemkaushia Hafidh ndizi mwenyewe.

Simu ya Hafidh haipatikani. Nimejaribu asubuhi, nimejaribu usiku. Leena simpigii, si adabu kumpita mumewe. Wewe umekwenda Stanmore ukarudi na mstari mmoja. Aliyefungua mlango ni nani? Alisema nini? Uliingia ndani?

Kuna kitu unanificha, na safari hii si hasira. Nakujua toka mdogo. Ukiwa na hasira unaandika kurasa nyingi. Ukiwa na hofu unaandika hivi.

Ameir


Wembley
16 Februari 2025

Kaka Ameir,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Kuna mtu nilimwahidi sitasema, na leo naivunja ahadi.

Stanmore mlango aliufungua Leena. Aliniambia kwa upole, tumesimama pale pale, kwamba yeye na Hafidh wameachana tangu mwezi wa tano mwaka jana. Nyumba ni ya baba yake, ilikuwa ya baba yake siku zote. "Aliniambia kuwa nyinyi mnajua," akasema. Hakujua Hafidh alipo. Alinikaribisha chai, nikashindwa kuingia.

Nikarudi nyumbani nikakuandikia ile barua fupi. Siku chache baadaye Priscilla akanipigia. Mjini hana pa kuweka kampa yake, huiacha ghalani kwa mwenye shamba la ile kambi, na alikwenda kuikagua panya wasije wakatafuna turubai. Sisi wenye turubai tunafunga msimu mwezi wa kumi. Baada ya hapo turubai halikaliki, linatota hata bila mvua. Wanaobaki kambini ni wenye kuta ngumu. "Wamebaki wachache sana," akaniambia, "na mmoja ni yule ndugu yako. Yeye huwa haendi nyumbani?" Alidhani najua.

Muhiddin akanipeleka Jumamosi iliyofuata. Gari lilikuwa kwenye kona, magurudumu yamezama matopeni, madirisha yamefunikwa. Nikagonga nikasema, "Hafidh, nimetoka kwa Leena." Akafungua.

Kaka, ndani hapakuwa na pa kuweka mguu. Masanduku mpaka darini. Suti zake zimetundikwa bafuni. Vyombo vya harusi vile alivyopeleka mama, havijafunguliwa, viko chini ya meza. Anaoga humo, anavaa tai humo, anakwenda kwa baiskeli mpaka stesheni apande treni ya kazini, na hapana mtu ofisini anayejua. Nikaelewa mwezi wa nane tulikuwa tumegonga mlango gani. Angeufungua, ningeona yote.

Amekonda. Tulikaa kwenye kitanda, hapakuwa na pengine. Akasema, "Nilikuona. Nilimsikia Sundus analia. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa." Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sijui kama nimemsamehe.

Nilimuuliza kwa nini hakutwambia. Akanijibu, "Kaka Ameir anaipenda nyumba ile kuliko nilivyoipenda mimi. Ningemwambia nini?" Nisamehe, nayaandika maneno yake kama yalivyo.

Aliniomba ninyamaze mpaka Idi. Atatafuta nyumba ya kupanga, mama atamkuta ndani, hatajua mtu. Nikakubali. Jumamosi ya pili nikampikia wali na mchuzi wa pweza, nikarudi kule kambini. Pale kwenye kona palikuwa na majani ya njano yenye umbo la gari, basi. Mwenye shamba alisema aliwasha asubuhi akaondoka, hakumuaga mtu. Sisi hatuwezi kuondoka hivyo. Kulikunja turubai kunachukua saa nzima, na jirani anakuja kushika ncha moja, anakuuliza unaelekea wapi, unamjibu. Yeye alizungusha ufunguo tu.

Simu imezimwa. Ofisini kwake wanasema amechukua likizo. Nimepita vituo vya magari makubwa vya barabara ya kusini, Muhiddin amepita vya kaskazini. Nimempigia Leena, naye amelia.

Sijui yuko wapi, kaka. Baridi ya hapa mwezi huu si ya kulala peke yako garini. Ningekwambia mapema labda ungempata kwa simu kabla hajaizima. Na pengine asingeondoka kama nisingekwenda kumgongea. Yote mawili nayafikiria kwenye zamu yangu, nikiwa nawalisha watu uji.

Mardhiya


Chake Chake
9 Machi 2025

Mardhiya,

Mungu azikubali funga zenu. Barua yako ilifika juzi, siku ya sita ya Ramadhani, nikakaa nayo mfukoni.

Maneno ya Hafidh juu yangu nimeyasoma mara moja. Sitayasoma tena na hatutayazungumza.

Mama aliniona sili futari. Aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakufa mtu. Nikamweleza yote, la Leena, la gari, hata la mlango, kwa sababu nilipoanza sikujua pa kukatia. Kisha akauliza kama Hafidh ana blanketi la maana. Nikamwambia sijui. Nikamwambia naivunja safari. Akanijibu kuwa tiketi imeandikwa jina lake, si langu.

Tangu usiku ule hajaongeza neno. Mizigo iko pale pale mlangoni. Amezidisha sala, na akimaliza anakaa juu ya mswala bila kuinuka, mpaka Nusra aende kumshika mkono.

Mtaani sijamwambia mtu. Wananiuliza safari ya Stanmore vipi, nawajibu ipo. Natoka msikitini kwa mlango wa nyuma nisikutane nao.

Mtafute. Sikuambii utafute vipi, huko unakujua wewe. Mimi nimejaribu kumwandikia barua uwe nayo ukimpata, na kila nikianza naandika kama hakimu. Nimezichana.

Mtafute kabla mama hajafika.

Ameir


Wembley
19 Aprili 2025

Kaka Ameir,

Shikamoo. Najua kwa simu umeshaambiwa kuwa mama amefika na Hafidh ni mzima, na najua kwa simu hukusikia hata nusu. Kwa hiyo nakuandikia lote.

Priscilla aliwaandikia wenye kampa wote anaowajua. Wana kikundi chao cha simu, kawaida wanaulizana dawa ya ukungu na nani anashona turubai. Safari hii waliulizana kuhusu gari-nyumba jeupe na mwanamume mwembamba aliye peke yake. Wiki mbili hapana kitu. Nilifunga na kufungua bila kujua ladha ya chakula. Halafu mwisho wa mwezi wa tatu msimu ukafunguliwa, turubai zikatoka maghalani, na wikiendi ile ile watu wakaenea mashambani kote. Siku ya Idi mzee mmoja na mkewe wakaandika kutoka Suffolk, mashariki. Walikuwa wanahangaika na paa lao kwenye upepo, mwanamume akatoka kwenye gari-nyumba akawashikia upande wa pili mpaka likasimama, kisha akarudi kwake akafunga mlango bila kungoja shukrani. Walisema mwenye gari la namna ile huwa hatoki, ndiyo maana walimkumbuka.

Nilimkuta anaosha sufuria bombani. Sikumuuliza alikuwa wapi. Nikamwambia, "Mama anakuja Jumanne. Anajua. Kaka pia anajua." Akakaa kwenye ngazi ya gari lake na sufuria mkononi. Baadaye akauliza wewe, kaka, umesema nini. Nikamwambia umesema nimtafute. Hakusema atakuja uwanja wa ndege wala hatakuja. Nikarudi London sijui.

Jumanne tulifika mapema, mimi, Muhiddin na Sundus. Hafidh hakuwepo. Ndege ikatua, watu wakaanza kutoka, hayupo. Mama akatoka anasukumwa kwenye kiti, mtandio mweupe, mfuko wa ndizi mapajani, hakukubali kupokonywa. Nilimbusu mkono, naye akawa anatizama nyuma yangu kwa yale macho yake, anamtafuta mtu. Nikainama nijifanye namfunga kiatu. Hapo nikasikia Sundus anaita, "Uncle!"

Alikuja amevaa suti, imekunjamana. Akapiga magoti mbele ya kiti. Mama akamshika uso kwa mikono miwili, akampitisha vidole mashavuni na kwenye kidevu, polepole, kama mtu anayesoma. Akasema, "Umekonda."

Tulipofika maegesho nikafungua mlango wa gari letu. Mama akauliza ni gari la nani. Nikamwambia letu, twende Wembley akapumzike.

"Hafidh anakaa wapi?" akauliza.

Hafidh akasema, "Mama, mimi sina nyumba sasa. Nakaa kwenye gari."

"Najua. Nimeuliza liko wapi."

Lilikuwa kwenye kambi ya hapa London, ng'ambo ya mto, mbali kidogo na Lewisham. Alilileta Jumapili. Nilimwambia mama hapafai, ni padogo, kuna baridi, magoti yake. Muhiddin naye akamsihi. Akatusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akasema, "Nimewaaga watu kuwa nakwenda kwa Hafidh."

Basi tukaenda. Tulimpandisha wawili, mimi na Hafidh, kila mmoja upande wake. Alikuwa ameyatoa masanduku yote, sijui ameyapeleka wapi. Mama akapapasa kitanda, akapapasa jiko, akafungua kabati akaona vile vyombo vya harusi alivyopeleka. Hafidh akaanza kumweleza habari za Leena. Mama akamkatiza. "Hayo tutazungumza tukishakula. Nionyeshe choo."

Amelala humo mpaka jana. Yeye kitandani, Hafidh sakafuni. Sikuweza kumwacha, kwa hiyo niliikokota kampa yetu tukaisimamisha ubavuni. Hafidh alikuja kushika paa, nami nikamwachia. Skuli imefungwa, Sundus anashinda kwa bibi yake. Anamsemesha Kiingereza, mama anamjibu Kiswahili, na wanacheka. Usiku kupitia turubai nilikuwa nawasikia mama na Hafidh wanazungumza, sikusikia maneno, na sikujaribu.

Baridi imemshinda, jana amekubali kuja Wembley. Ngazi alizipanda kwa mapumziko matatu na hakulalamika. Hafidh amepata chumba cha kupanga Harrow kuanzia mwezi ujao. Ni kidogo, lakini kina dirisha la mashariki. Mimi na yeye tunasemezana dawa za mama, chakula cha mama, nani atampeleka wapi. La mlango hatujaligusa. Muhiddin anasema nimpe muda. Mkono wake bado hauna nguvu ya kubeba ndoo.

Leo mama kaniambia nikuandikie neno lake, na amekaa hapa pembeni mpaka aone nimeliandika, ingawa kusoma mwandiko wangu hawezi. Anasema uache kutoka msikitini kwa mlango wa nyuma. Wakikuuliza mama amefikia wapi, waambie amefikia kwa Hafidh. Kisha unyamaze.

Mdogo wako,
Mardhiya